Nguzo Zinapita, Taa Haziwaki: Kazi ya Kituo cha Kupoza Umeme

KIPINDI CHA NCHI JIRANI
Nakala ya kusomwa katika vikundi vya wasikilizaji

Wasemaji: MTANGAZAJI na FUNDI. Fundi ni mzee aliyefanya kazi ya umeme kwa miaka mingi kabla ya kuikimbia nchi yake.

(MUZIKI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunaanza na ujumbe mmoja ambao, nikisema kweli, ulinitia hofu. Umetoka kwa vijana watatu. Wanasema hivi: “Dada, si mbali na kambi yetu zimepita nguzo kubwa za chuma. Tunaambiwa umeme huo unatoka Rusumo. Unapita juu ya vichwa vyetu kila siku na sisi tunalala gizani. Tuna waya mrefu. Tukiurusha usiku ukanasa pale juu, tutapata taa hata nne?” Mwisho wa ujumbe. Studioni nipo na mzee wetu fundi. Mzee, shikamoo.

FUNDI: Marahaba, binti yangu.

MTANGAZAJI: Tuwajibu nini vijana wetu?

FUNDI: Kwanza niseme neno moja kabla ya maelezo, maana mwingine anaweza kuzima redio mapema. Wanangu, msirushe huo waya. Hamtapata taa hata moja. Mtakufa, na huenda mkafa kabla waya haujafika juu. Sasa nipeni muda niwaeleze kwa nini.

MTANGAZAJI: Tupo, mzee. Tuanzie wapi?

FUNDI: Tuanzie mtoni, Rusumo. Wengi wanapajua kwa sababu ndipo barabara inapovuka mto Kagera, huku Tanzania na kule Rwanda. Chini ya daraja kuna maporomoko. Pale Burundi, Rwanda na Tanzania zimejenga kituo kimoja cha kuzalisha umeme wa maji, kwa fedha za Benki ya Dunia. Kina mashine 3, na zote pamoja zinaweza kutoa megawati 80. Umeme huo unagawanywa sawasawa, kila nchi karibu megawati 27.

MTANGAZAJI: Megawati 27 ni kiasi gani kwa mtu wa kawaida?

FUNDI: Chukua taa ndogo ya kisasa ya wati 10. Fungu la nchi moja linaweza kuwasha taa za namna hiyo zaidi ya milioni 2 na nusu kwa wakati mmoja. Lakini kuna viwanda, hospitali na pampu za maji, kwa hiyo hautoshi kila kitu. Hata hivyo, kwa nchi yenye umeme mchache kama Burundi hilo ni fungu kubwa.

MTANGAZAJI: Umeme umeshazaliwa Rusumo. Unafikaje mjini?

FUNDI: Hapo ndipo kazi ya kituo cha kupoza umeme inapoanza. Nikupe mfano wa jambo tunalolijua sote kambini. Siku ya mgao wa chakula, unga unakujaje?

MTANGAZAJI: Unakuja kwa malori makubwa.

FUNDI: Lori hilo linasimama kwenye mlango wa kila nyumba?

MTANGAZAJI: Halisimami. Linakwenda ghalani. Ghalani wanashusha, wanapeleka kwenye kituo cha mgao, na pale kila familia inapimiwa yake.

FUNDI: Umeme nao ni hivyo hivyo. Njia kubwa zenye nguzo za chuma ni lile lori. Kituo cha kupoza ni ghala. Transfoma ndogo unayoiona juu ya nguzo mtaani, ile ambayo ndugu zetu wa Bukavu wana kabini zao kwa kazi hiyo, ni kituo cha mgao. Na mita ya nyumbani ni kopo la kupimia.

MTANGAZAJI: Sasa mzee, neno “kupoza”. Mtu atadhani umeme ni wa moto na unamwagiwa maji.

FUNDI: (ANACHEKA) Wengi wanadhani hivyo. Kinachopozwa ni msongo. Umeme una mambo mawili ya kuyajua: kuna msongo, yaani nguvu ya kuusukuma, ambayo tunaipima kwa volti. Na kuna mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Waya wowote mkondo ukiwa mkubwa unapata joto. Joto hilo ni umeme unaopotea njiani, hauwashi taa ya mtu.

MTANGAZAJI: Kama unga unaomwagika lori likiwa na gunia lililotoboka.

FUNDI: Naam. Sasa ukiupandisha msongo mara 10, unaweza kupeleka umeme ule ule kwa mkondo mdogo mara 10. Na upotevu kwenye waya ule ule unapungua mara 100, maana upotevu hufuata mkondo mara mbili: kumi mara kumi. Ndiyo sababu pale Rusumo, kabla umeme haujaanza safari, kuna kituo chenye transfoma za kuupandisha mpaka volti 220,000. Hapo hatupozi, tunapandisha. Kisha zinatoka njia kwenda pande tatu: Nyakanazi upande wa Tanzania, Gitega upande wa Burundi, na upande wa Kigali nchini Rwanda.

MTANGAZAJI: Na nyumbani kwa mtu ni volti ngapi?

FUNDI: Ni 230. Angalia tofauti hiyo: 220,000 juu kwenye nguzo za chuma, 230 kwenye taa. Taa iliyotengenezwa kwa 230 ukiipa 220,000, haiwaki. Inalipuka, na aliyeishika anaungua. Kwa hiyo wale vijana hata kama waya wao ungefika, hakuna chombo chochote kambini cha kuupokea umeme huo.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Umetaja Nyakanazi. Msikilizaji uliyesafiri kwa basi au lori kati ya Kigoma, Kahama na Rusumo utakuwa unaijua njia panda ile. Mzee, pale pana nini cha umeme?

FUNDI: Pale, katika wilaya ya Biharamulo mkoani Kagera, pana kituo cha kupoza umeme. Nayo ni njia panda ya umeme kama ilivyo njia panda ya magari. Njia ya volti 220,000 kutoka Geita inafika pale, na njia kutoka Rusumo inafika pale. Kituo kinazipokea, kinapunguza msongo mpaka volti 33,000, kisha kinatoa njia nyembamba zaidi kwenda kwenye miji na vijiji.

MTANGAZAJI: Na hilo lilibadilisha nini kwa watu?

FUNDI: Kabla ya hapo, miji ya Kibondo na Kasulu iliwashwa kwa jenereta za dizeli. Dizeli inabebwa kwa lori, ni ghali, na jenereta ikiharibika mji unakaa gizani. Mwaka 2022 miji hiyo iliungwa na gridi ya taifa kupitia Nyakanazi. Mito na mitambo ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni njia na ghala la kushushia.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na umeme mwingi, lakini hauna faida kama njia haipo?

FUNDI: Ilitokea Kenya. Wasikilizaji wa Kakuma watakumbuka kwamba ng’ambo ya ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, kuna mitambo ya upepo ya megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017. Lakini njia ya zaidi ya kilomita 400 ya kuupeleka umeme mpaka kituo cha Suswa, upande wa Nairobi, haikuwa imekamilika. Mapanga yakasubiri mpaka mwaka 2018. Upepo ulivuma, na hakuna aliyepata taa kutokana nao.

MTANGAZAJI: Na mtu anayeishi karibu na njia kama ile hapati umeme wake moja kwa moja.

FUNDI: Kwa sababu ile ile. Njia kubwa ikikupitia haina maana kwamba umefikiwa. Ili ushushe umeme hapo ulipo, inabidi ujengewe kituo: transfoma kubwa, swichi kubwa, mitambo ya ulinzi na watu wa kukisimamia. Ni kazi ya mabilioni ya shilingi. Kwa hiyo serikali hujenga kituo mahali ambapo kinaweza kuhudumia eneo kubwa, kisha umeme unasambazwa kwa njia za volti 33,000 au 11,000. Na mahali palipo mbali na kituo, wakati mwingine ni nafuu kutumia mitambo ya jua inayojitegemea. Kalobeyei kwa mfano kuna mitambo ya jua inayouza umeme kwa nyumba na maduka bila kuungwa na gridi.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Mzee, tuingie ndani ya uzio wa kituo. Mimi nikipita nje naona vyuma tu na kusikia mvumo.

FUNDI: Mvumo huo ni wa transfoma. Ndani yake kuna chuma kilichozungushiwa nyaya, mizunguko mingi upande mmoja na michache upande wa pili. Umeme ukiingia kwenye mizunguko mingi, unatoka kwenye michache ukiwa na msongo mdogo. Hakuna kitu kinachozunguka mle ndani. Vyote vimezama kwenye mafuta maalumu yanayopunguza joto na kuzuia umeme kuruka.

MTANGAZAJI: Mafuta hayo ndiyo tunasikia watu wanayaiba?

FUNDI: Ndiyo, na ninaomba tulisikie hili. Sehemu nyingi watu wameyaiba wakayauza ya kukaangia au ya kujipaka. Si mafuta ya kula. Ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na sumu inayokaa mwilini muda mrefu. Na transfoma ikipungukiwa mafuta inaungua, mtaa mzima au zahanati inabaki gizani.

MTANGAZAJI: Na vile vitu vya udongo kama sahani zilizopangwa?

FUNDI: Tunaviita vikombe. Vinashika waya bila kuruhusu umeme ushuke kwenye chuma cha nguzo. Kijana akivipiga mawe kwa mchezo, anafungua njia ya umeme kushuka chini. Halafu kuna kokoto. Umeona vituo vyote vimemwagwa kokoto?

MTANGAZAJI: Nilidhani ni kwa ajili ya matope.

FUNDI: Zinasaidia matope na majani, lakini sababu kubwa ni usalama. Hitilafu ikitokea, umeme unaweza kutawanyika ardhini, na mtu aliyesimama hapo ukampandia mguu mmoja na kutokea mguu wa pili. Kokoto zinapunguza hatari hiyo kwa wafanyakazi. Nje ya uzio kokoto hazipo, ndiyo maana tunasema kaa mbali.

MTANGAZAJI: Na swichi kubwa?

FUNDI: Hizo ndizo walinzi wa nchi nzima. Kituo hakipunguzi msongo tu. Kazi yake nyingine ni kutenga sehemu yenye hitilafu. Mti ukiangukia njia, kuna vyombo vinavyopima kila wakati, vinaona mkondo umepanda ghafla, vinaiamuru swichi ikate. Yote hayo yanafanyika kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Njia ile moja inazimwa, nyingine zinaendelea.

MTANGAZAJI: Na visipokata kwa wakati?

FUNDI: Hapo ndipo giza linaposambaa. Nikupe mfano wa wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja. Lazima wafuatane kwa mwendo mmoja. Mashine zote zilizoungwa kwenye gridi moja zinazunguka kwa mwendo mmoja vilevile. Hapa kwetu umeme unapiga mara 50 kwa sekunde. Mmoja akiacha mchi ghafla, wawili waliobaki wanalemewa. Wakichoka nao wanaacha.

MTANGAZAJI: Jambo hilo limewahi kutokea?

FUNDI: Tarehe 7 Juni 2016, huko Kenya, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine nyingine za kituo kile zikalemewa, nazo zikajizima, na megawati zaidi ya 180 zikapotea. Nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa.

MTANGAZAJI: Tumbili mmoja! Alipona?

FUNDI: Alipona, akachukuliwa na watu wa wanyamapori. Mwanadamu huwa hapati bahati hiyo.

MTANGAZAJI: Basi kuna faida gani nchi jirani kuunganishwa, kama hitilafu ya mmoja inaweza kumfikia mwingine?

FUNDI: Faida ni kubwa kuliko hatari. Mvua ikikosekana upande mmoja, upande mwingine unaweza kuwa na maji. Kenya na Uganda zimeuziana umeme kwa miaka mingi. Kongo, Rwanda na Burundi zina mtambo wa pamoja wa Ruzizi ya Pili, tangu mwaka 1989. Rusumo ni hivyo hivyo. Lakini ujirani huo unategemea vituo. Ndipo umeme unapopimwa, kila nchi ijue imechukua kiasi gani, na ndipo njia inapofungwa mmoja akiugua asiwaambukize wengine. Wakati mwingine umeme ukizidi kuhitajika kuliko unaozalishwa, vituo vinakata maeneo kwa zamu ili gridi nzima isianguke. Kwa hiyo mji unaweza kuzimika hata kama hakuna waya uliokatika karibu.

MTANGAZAJI: Ndugu zetu hawa, serikali zao mara nyingine hazielewani, lakini mto mmoja unawawashia taa wote.

FUNDI: Mto haujui mpaka. Mimi nilivuka mpaka nikiwa na begi moja. Sasa nikisikia kwamba umeme wa mto ule ule unakwenda Gitega, Kigali na Nyakanazi, nafurahi. Nyumbani kwetu hospitali itapata taa, na huku nilikopokelewa pia.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Turudi kwa vijana wetu watatu. Ulisema wanaweza kufa kabla waya haujafika juu.

FUNDI: Umeme wa volti 220,000 hausubiri kuguswa. Kitu kikikaribia vya kutosha, unaruka hewani kama radi ndogo. Waya ukiukaribia, umeme unashuka kupitia waya, kupitia mkono, mpaka ardhini. Swichi kule kituoni itaona na itakata. Lakini nataka walielewe jambo hili: ulinzi ule umewekwa kwa ajili ya mitambo na gridi. Kwa mtu aliyeshika waya, utakuwa umechelewa.

MTANGAZAJI: Na njia ikishakata, si basi umeme umekwisha?

FUNDI: Hapana, na hilo ndilo linaloua wanaokwenda kuokoa. Njia nyingi zinajirudisha zenyewe baada ya muda mfupi, kujaribu kama hitilafu imeondoka. Waya uliolala chini kimya, bila cheche, unaweza kuwa na umeme tena sekunde moja baadaye. Ukiona waya umeanguka, usiuguse, usimguse aliyeushika, usitumie fimbo. Kaa mbali, hatua 15 au zaidi, wazuie watoto, watume watu wakawaambie walinzi au uongozi wa kambi. Ukijikuta umeshaukaribia, usikimbie wala kupiga hatua ndefu. Unganisha miguu, jiburute polepole kwa hatua fupi za kisigino na kidole mpaka utoke.

MTANGAZAJI: Na vyuma vya nguzo?

FUNDI: Usivikate kwa ajili ya kutengeneza sufuria au jiko. Kila kipande kina kazi yake. Nguzo ikianguka, zinaweza kuanguka na nyingine. Usichimbe waya wa shaba ulioshuka ardhini kutoka kwenye nguzo au transfoma, ndio unaopeleka radi na hitilafu chini. Usijenge kibanda wala kufunga mbuzi chini ya njia. Na watoto wasiruke uzio wa kituo kufuata mpira; waende wakamwite mlinzi.

MTANGAZAJI: Mzee, umewakataza. Sasa wafanye nini? Giza bado lipo. Mama anajifungua usiku, mtoto anasoma kwa kibatari.

FUNDI: Giza ni tatizo la kweli, sikatai. Nawashauri waende na maswali kwenye mkutano wa kambi. Waulize: kituo cha kupoza kilicho karibu nasi kiko wapi? Kina nafasi ya kuongeza wateja? Njia ya volti 33,000 imefika wapi? Kuna mpango wa kuifikisha zahanati, shule na pampu ya maji kwanza? Kama hakuna, mitambo ya jua inawezekana? Mtu anayeuliza “tupeni umeme” anajibiwa kwa maneno ya jumla. Anayeuliza “transfoma ya zahanati itawekwa lini na nani analipia?” lazima ajibiwe kwa tarehe au kwa sababu.

MTANGAZAJI: Na vijana wenyewe?

FUNDI: Huo waya wao wasiutupe. Wajifunze ufundi. Wajifunze kufunga sola kwanza, ni umeme mdogo na wa kuanzia. Vijana waliofikiria mpaka hapo wana akili ya ufundi. Tunawataka wakiwa hai.

MTANGAZAJI: Na ninyi vijana watatu, ujumbe wenu tumeusoma bila kuwataja. Tuandikieni tena mtuambie mkutano wa kambi umejibu nini. Mpenzi msikilizaji, kwa leo tunaishia hapo. Ulale salama, na ukiona nguzo za chuma, ujue ni lori linalopita, halijafika ghalani. Kwaheri.

(MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNAISHA)

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Kwa nini umeme unapandishwa msongo kabla ya kusafirishwa, kisha unapozwa kabla ya kufika nyumbani?
2. Umeme wa Rusumo unakwenda nchi zipi, na kila nchi inapata kiasi gani?
3. Kuna waya, nguzo au uzio gani karibu na kambi yetu ambao watoto wanauchezea? Nani atazungumza nao wiki hii?
4. Waya ukianguka, tumwambie nani kwanza? Kila mtu ataje jina na mahali anapopatikana.
5. Tuchague maswali mawili kuhusu umeme ya kupeleka kwenye mkutano ujao wa kambi.